Mtu wa Posta Aliyenunua Kabati

Mdogo wangu hununua mkate kwa maandishi. Sitii chumvi. Kabla ya kutoka hukaa kitandani na daftari lake, akapiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto akaandika "Yeye", kulia akaandika "Mimi", halafu akapanga mazungumzo yote tangu salamu hadi chenji. Yeye: Karibu. Mimi: Shikamoo, naomba mkate. Yeye: Mkubwa au mdogo? Mimi: Mkubwa. Yeye: Huu hapa. Mimi: Asante. Akishamaliza huyasoma mara tatu, midomo ikimcheza, ndipo anavaa viatu. Na duka lenyewe liko karibu kiasi kwamba ukipiga chafya sebuleni kwetu, muuza duka anakuombea afya.

Siku moja muuza duka alimwona akachangamka. "Ala! Umenyoa! Umependeza kweli!" Kwenye daftari hapakuwa na habari ya kunyoa. Mdogo wangu akamtazama, akaitazama mikate kwenye rafu, akageuka, akarudi nyumbani mikono mitupu. Asubuhi hiyo tulikunywa chai na matumbo yakinguruma, na tangu siku hiyo nikamwita Daftari. Jina likamganda hadi shuleni. Ana miaka kumi na sita, ana mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na anaweza kusimama nje ya mlango wa jirani nusu saa nzima akingoja mtu atoke kwa shughuli zake, ili asipige hodi.

Aibu yote hiyo aliitoa wapi, sijui, maana nyumba yetu haina mtu mwenye haya. Baba ni dalali wa mnada. Kila Jumamosi, kwenye yadi nyuma ya maghala ya zamani, anapanda juu ya sanduku la mbao na nyundo mkononi, anauza vitu vya watu waliohama, waliofilisika na waliokufa: makochi, vitanda, feni, vyombo vya jikoni. Anaongea kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linazama. Ubaya ni kwamba akirudi nyumbani hazimi. Anaongea akila, anaongea akinyoa ndevu, na mama anaapa kwamba aliwahi kuongea usingizini mpaka akaliuza godoro walilolalia. Mama mwenyewe ni mpokezi wa zahanati, kazi yake kutwa ni kuita majina ya watu na kuwauliza wanaumwa wapi. Mimi nina saluni, na saluni ya mtu bubu haipati mteja wa pili. Nilikuwa namwonea hasira mdogo wangu, nakiri. Niliona anaringa. Niliona mtu mzima anayeogopa salamu anatafuta kubembelezwa tu.

Sasa mtoto huyohuyo ndiye aliyepewa kuwa mhusika mkuu kwenye mchezo wa nyimbo wa shule yao.

Ilikuwa hivi. Mashine ya kunakili ya shule iliharibika, na mwalimu wa muziki akamwomba Daftari aunakili mchezo mzima kwa mkono, nakala kumi na nne. Mchezo ulihusu mtu wa posta anayekuta nyuma ya kabati la ofisi barua iliyodondoka miaka saba iliyopita. Anaamua kuipeleka, lakini mwenye barua amehama, basi anapita mlango hadi mlango akimuulizia, na kila mlango una wimbo wake. Ukishaandika kitu mara kumi na nne, kinaingia kichwani hata kama hukukialika. Daftari aliujua wote, mpaka mahali ambapo mwenye nyumba wa tatu anakohoa. Wiki sita kabla ya onyesho, mvulana aliyekuwa mtu wa posta akavunjika mguu akicheza mpira, na mwalimu akamwita Daftari ofisini.

Daftari alidhani anaitwa kushukuriwa kwa kunakili. Akajiandaa. Alikisia kwamba mwalimu angemkaribisha soda, na kwa kuwa kunywa soda mbele ya mtu ni balaa kwake, aliandika jibu mapema na kulikariri njia nzima.

"Nilikusikia ukiimba ulipokuwa unaandika," mwalimu akasema. "Nataka wewe uwe mtu wa posta. Una kipingamizi chochote?"

"Hapana, asante mwalimu," akajibu Daftari.

Alirudi nyumbani amesawijika, akaketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji. "Dada," akaniambia, "kuna kitu nimekikubali."

Mama akachemsha maji ya asali ya kutuliza moyo, akayanywa mwenyewe. Mimi, kwa vile ndiye mwenye mdomo, kesho yake nilifunga saluni mapema nikaenda shuleni kumkatalia. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikafika wakati wa mazoezi, nikachungulia dirishani kwanza, na maneno yakaniishia. Mdogo wangu alikuwa katikati ya jukwaa, mkoba wa barua begani, kifua mbele, anaimba. Sauti ilijaa ukumbi mpaka vioo vya dirisha vikawa vinatetemeka kwenye vidole vyangu. Akamkonyeza mwenye nyumba wa pili. Akazunguka. Akaiinua kofia kwa madaha! Yule aliyeshindwa kununua mkate!

Jioni nikamuuliza: "Wewe, huogopi kule juu?"

Akanishangaa. "Niogope nini, dada? Kila mtu anasema kilichoandikwa. Najua watakachoniambia na najua nitakachojibu."

"Sasa jana usiku hukulala kwa nini?"

"Mapumziko ya chai," akasema. "Wanakaa mduara, kila mtu anasema chochote kinachomjia."

Basi jukwaa halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa baba.

Kila mchezaji alipewa kadi tatu za mwaliko. Ya mama na yangu tulizikuta juu ya mito yetu, zimepigwa pasi. Ya tatu ilikuwa ya baba, na hiyo Daftari alitaka kuitoa kwa mkono wake na kwa mdomo wake. Akatuapisha, mimi na mama, kwamba hatutasema neno.

"Nikimwambia mimi kuna ubaya gani?" nikamuuliza. "Dakika moja tu, kazi imekwisha."

"Wewe ukimwambia, atakuja kwa ajili yako."

Halafu kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi. Onyesho lilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, na baba hajawahi kukosa mnada. Mimi nilizaliwa Jumamosi, akaja kuniona Jumapili. Mahafali yangu yalikuwa Jumamosi, akanitumia kiti cha kuzunguka ambacho hakikupata mnunuzi. Kwa hiyo Daftari hakuwa anataka kumpa mtu kadi tu. Alitaka kumwomba baba kitu ambacho hajampa mtu yeyote, na alitaka kumwomba uso kwa uso. "Akikataa, sawa," aliniambia. "Lakini ajue kwamba nilimtaka."

Nilifungua daftari lake akiwa bafuni. Ndiyo, nililifungua, mimi ni dada yake. Kulikuwa na ukurasa umeandikwa juu "Baba". Upande wa "Mimi" ulikuwa umejaa, umefutwa, umeandikwa upya, na pembeni kuna alama za kuhesabu majaribio. Upande wa "Yeye" ulikuwa mweupe pe.

"Huyu huwezi kumwandikia," alisema nilipomuuliza. "Hujui atasema nini. Hata yeye hajui."

Majaribio yenyewe niliyaona kwa macho yangu, na nilikaribia kuzimia kwa kicheko na kwa uchungu. Mara ya kwanza ilikuwa mezani. Daftari akaweka kijiko chini, akakohoa, akasema, "Baba..." Baba akaruka: "Eeh! Umenikumbusha! Leo kaja mtu na meza, meza gani hiyo, miguu minne lakini mmoja si wake!" Akatupa historia ya ule mguu mpaka vyombo vikaoshwa. Mara nyingine Daftari alimngoja mlangoni asubuhi, akafungua mdomo, baba akampa mkoba amshikie, akaongea nao wote wawili, yeye na mkoba, mpaka basi lake likaja. Ikafika hatua akamwandikia karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti. Baba akaikuta upande wa nyuma ukiwa mtupu, akafurahi, akaandikia hapo orodha ya bidhaa za Jumamosi. Tena jioni akatusomea ile orodha kwa sauti, kitu kwa kitu, na maneno ya mwanawe yakiwa yanatuangalia sisi upande wa pili wa karatasi.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni la bafuni. Daftari alikuwa akifanyia mazoezi humo, maji yakimwagika ili asisikike, na kwa wiki zote hizo nyumba nzima iliimba nyimbo za posta. Asubuhi moja baba alisimama kwenye korido, taulo begani, akasikiliza mpaka ubeti ukaisha. "Redio ya jirani siku hizi inapiga vitu vya maana," akasema. "Huyo kijana ana sauti!" Kisha akaugonga mlango wa bafu kwa ngumi. "Wewe Daftari, toka, watu tunachelewa kazini! Unafanya nini humo muda wote kimya kimya?"

Maji yakafungwa. Mdogo wangu akatoka macho chini. Nilitaka kupasuka, lakini nilikuwa nimeapa.

Ijumaa ikapita hivyohivyo. Jumamosi baba akatoka alfajiri na nyundo yake, akituambia kuhusu kabati atakalolinadi.

Tulitakiwa ukumbini saa nane. Mimi nilikuwa nimejitolea kuwatengeneza nywele wachezaji, kwa hiyo tuliondoka pamoja, mimi na sanduku langu la vitana, yeye ameshavaa kila kitu: kofia ya posta, koti la vifungo vya shaba, mkoba wa barua begani. Barabarani watu walimgeukia, naye akatembea akiangalia lami. Tulipofika kwenye kona ya maghala, badala ya kunyoosha, akakata kushoto.

"Wewe! Shule si huko!"

Akazidi kukaza mwendo. Nikamfuata, vitana vikigongana.

Kwa asiyejua mnada, nieleze. Pale mnunuzi haongei, ananyoosha mkono. Ukinyoosha, umepandisha bei. Na baba akishapanda juu ya sanduku haangalii sura za watu, anaangalia mikono tu. Sura zinadanganya, husema. Saa hiyo alikuwa analinadi lile kabati, la milango mitatu na kioo, na mama mmoja mwenye kilemba cha njano alikuwa analitaka kufa kupona.

Daftari akasimama nyuma ya umati. Akavuta pumzi. Halafu akafanya kile alichofundishwa tangu darasa la kwanza, mtoto akitaka kusema mbele ya mkubwa. Akanyoosha mkono.

"Nimemwona bwana wa kofia!" baba akanguruma. "Bei imepanda! Mama wa njano, unaliachia hivihivi?"

Mama wa njano akanyoosha wake.

Mkono wa Daftari ulikuwa bado uko juu, maana shuleni mkono hauteremshwi mpaka mwalimu akuite.

"Kofia tena! Mama wa njano? Ndiyo! Na kofia tena! Jamani, leo tuna mtu mwenye nguo nyingi!"

Nikamvuta koti. "Teremsha mkono, mwehu wewe, unanunua kabati!"

"Bado hajaniita," akaninong'oneza, jasho linamtiririka.

Mama wa njano akasonya, akakunja mikono. Mkono wa mdogo wangu ukabaki juu peke yake, na baba, ambaye miaka yote ya kazi yake hajawahi kukutana na mteja anayeshindana na nafsi yake, akapandisha bei mara mbili zaidi kwa heshima yake. Halafu hata yeye akaona haya. "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu!" Nyundo ikagonga. "Limeuzwa kwa bwana wa kofia! Karani, muulize jina!"

Karani akaja na kalamu yake. "Jina la mnunuzi?"

Yadi nzima ikageuka. Nilimwona Daftari akiingiza mkono kwenye mkoba, akalitoa daftari, akalifungua, akaliangalia, akalirudisha. Swali la karani halikuwemo.

"Mimi ni mwanawe," akasema.

"Mwana wa nani?"

"Wa dalali."

Baba akainama juu ya sanduku, akakinga jua kwa kiganja. "Nani huyo?"

"Mimi, baba."

"Wewe! Unataka kabati la nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nikajua sasa atakimbia, tena nikajiweka tayari kukimbia naye. Akarudi hatua moja, akanikanyaga mguu, akasimama hapohapo juu ya mguu wangu.

"Sitaki kabati. Leo saa kumi ninaimba shuleni. Mimi ndiye mtu wa posta. Nataka uje."

"Leo? Tena saa kumi? Kitu kama hicho unakuja kuniambia mnadani, mbele za watu? Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

"Nimejaribu mara tisa, baba. Hapa angalau mtu akinyoosha mkono unamwona."

Mtu mmoja aliyekuwa anajaribu feni aliizima. Baba mdomo ulikuwa wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukuwa na kitu ndani. Daftari akapita katikati ya watu, wakampisha, akaitoa kadi kwenye mkoba na kuiweka juu ya sanduku, karibu na kiatu cha baba. Akagusa kofia. Akarudi.

"Tumechelewa, dada," akasema.

Barabarani kifungo cha koti kilimshinda, nikamfungia mimi. Nyuma yetu nikamsikia mama wa njano akimwambia karani kwamba, kwa kuwa kijana ameshasema hataki, yeye analitaka kabati lake, na kwa bei ile ya kwanza.

"Nimesema vibaya?" Daftari akauliza.

"Umesema vizuri sana."

"Lakini hakunijibu."

"Hakukujibu, mdogo wangu." Sikuwa na uongo wa kumpa.

Saa kumi ukumbi ulikuwa umefurika. Mama alikaa safu ya tatu, na kwenye kiti cha pembeni yake aliweka mkoba wake, akaulinda kama vile ndani mna mtoto mchanga. Watu watatu walikuja kukiomba. "Kina mwenyewe," aliwajibu, kwa sauti ileile anayowaambia wagonjwa kwamba daktari yuko njiani.

Pazia likafunguka. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa na vitana vyangu, kwa hiyo niliona vizuri, na nitasema ukweli wangu: nilijivuna. Mtu wa posta akaingia akiwa amechelewa kazini, akasukuma kabati la maboksi, akaiokota barua, akaimba. Watu wakapiga makofi kabla ubeti haujaisha. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwenye nyumba akakohoa mahali pake, kila kitu kikaenda kilivyoandikwa. Ila kila Daftari alipotoka jukwaani alinijia mbio, akanywa maji, akauliza neno moja.

"Bado?"

"Bado."

Naye akarudi kuimba.

Mlango wa nne ndio wenye wimbo wa polepole. Mtu wa posta amechoka, anakaa kwenye ngazi, anajiuliza kama mwenye barua bado anaisubiri. Kinanda kilipigwa kidogo tu. Na hapo mlango wa nyuma wa ukumbi ukafunguka kwa kishindo, akaingia baba yangu na mnada wake.

Baadaye nilielezwa. Alikuwa ameisoma ile kadi, akawatangazia wateja kwamba mnada umefungwa kwa leo, na anayetaka anaweza kumfuata. Wengi walimfuata, walitaka kujua mwisho wa mambo. Lakini waliokwisha kununua hawakuthubutu kuviacha vitu vyao yadini bila mtu. Kwa hiyo waliingia navyo. Viti vya mezani vikiwa vichwani. Stuli. Meza ndogo mbili. Feni moja. Wanaume wawili wamebeba kochi. Mama wa njano alikuja na droo moja ya kabati lake, pengine kama dhamana. Wakajipanga kwenye njia ya katikati, wakashusha, miguu ya viti ikakwaruza sakafu, mtu akasema "samahani, samahani", na kinanda kikanyamaza. Mwalimu wa muziki akafunika uso.

Baba akawa amesimama mbele yao wote, anamtazama mwanawe jukwaani chini ya taa. Nikaona kifua chake kinajaa hewa. Ninaijua pumzi ile. Ikitoka pale, haikomi kabla ya kesho.

Daftari alikuwa ameganda kwenye ngazi. Mahali pekee duniani ambapo kila kitu kilikuwa kimeandikwa, watu wameingia na kochi. Nilitaka kumtupia kitana, chochote, aone kwamba nipo.

Akasimama. Akaivuta kofia ikae sawa.

"Karibuni posta," akasema. "Foleni ianzie kushoto. Mwenye kochi akae nyuma, asiwazibe wenzake. Na wewe, mzee wangu pale mbele..." Akaupapasa mkoba wa barua. "Barua yako ipo. Lakini hapa kwetu hatuongei mpaka isomwe yote."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu wakapiga meza ambazo wengine walikuwa wamezinunua. Baba akafunga mdomo, na mimi kule pembeni niliona jinsi ilivyomgharimu. Akanyata mpaka safu ya tatu. Mama akauondoa mkoba. Daftari akamgeukia mwalimu, akasema, bado kwa sauti ya mtu wa posta, "Tuanze tena ubeti, maana wageni hawakuusikia." Kinanda kikaanza.

Mama anasema katika saa nzima iliyobaki baba alifungua mdomo mara moja tu. Ilikuwa wimbo wa mwisho, ule aliousikiliza kwenye korido na taulo begani. Alimshika mama mkono, akaubana, akasema, "Redio." Basi. Mama akamwambia ndiyo, baba watoto, redio. Baba akajifuta uso kwa kadi.

Makofi yalikuwa mengi, watu wakasimama, wengine wakasimama juu ya vitu vyao wenyewe. Baada ya hapo ikaja ile sehemu ambayo Daftari alikuwa ameiogopa tangu mwanzo: watu kupanga mstari wa kumpa mkono. Nilimkuta kwenye chumba cha mavazi, amejificha nyuma ya makoti.

"Kuna mlango wa nyuma?" akauliza.

"Upo."

Tukatokea kwenye mapipa ya taka, na hapo walikuwa wamesimama baba na mama. Nilidhani mama ndiye aliyefikiri hivyo. Kumbe si yeye. Mama alikuwa anakwenda mlango wa mbele pamoja na watu wote, baba akamvuta mkono akamwonyesha huku. Alijua mwanawe atatokea wapi.

Tukaondoka wanne. Baba alitembea upande wa Daftari, nyundo mfukoni, mikono nyuma. Mara mbili nilimwona anavuta ile pumzi yake, na mara mbili akaimeza. Tukapita maghala, tukapita duka. Mama alikuwa anakufa kwa hamu ya kusema kitu, nikamfinya.

"Viatu hivi vinabana," Daftari akasema.

"Mm," baba akasema.

"Si vyangu. Ni vya yule aliyevunjika mguu." Tukadhani imekwisha. Halafu akaendelea. Akasema yule mvulana alikuja na magongo yake kutazama, akacheka sana pale kwenye kochi. Akasema mwenye nyumba wa tatu hana kifua, anakohoa tu kwa ufundi. Akasema mlango wa nne taa zilimpiga machoni hakuona watu, aliona kochi linaelea peke yake. Maneno yalitoka ovyo ovyo, moja limemkanyaga mwenzake, mengine hayakufika mwisho, na hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kulipanga. Baba aliitikia "Mm" kwa kila moja, kwa zamu yake, bila kuongeza.

Tulipofika mlangoni Daftari alikuwa katikati ya habari ya feni. Baba akasimama mbele ya kitasa, akaanza kujipapasa. Mfuko wa koti. Mfuko wa suruali. Mfuko wa shati. Akarudia wa koti.

"Endelea tu," akamwambia mwanawe. "Natafuta ufunguo."

Mimi nilikuwa nyuma yake. Ufunguo alikuwa ameushika mkononi.